Nafasi ya Uzamivu Uswidi Ni Ajira: Hotuba kwa Wanasayansi na Wahandisi Vijana

Mheshimiwa Rasi wa Ndaki, walimu wangu mlioketi mbele, shikamooni. Wahadhiri wasaidizi, wanafunzi wa shahada ya uzamili, na ninyi wahandisi mlioomba ruhusa kazini ili mje kusikiliza, nawasalimu na kuwashukuru kwa kufika.

Nimeombwa nizungumze juu ya nafasi za utafiti wa uzamivu katika sayansi na uhandisi nchini Uswidi. Nitakishika chuo kimoja, Chuo cha Kifalme cha Teknolojia cha Stockholm, ambacho dunia nzima hukiita KTH, kwa sababu mtu akikitazama chuo kimoja kwa makini huuelewa mfumo wa nchi ile vizuri zaidi kuliko akitajiwa majina kumi. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1827, na leo kina shule tano zinazogawana fani zote, kuanzia usanifu majengo na mazingira hadi umeme na kompyuta, kemia na bioteknolojia, fizikia na hisabati, pamoja na uhandisi wa viwanda ambao ndani yake zimo nishati na metali. Hannes Alfvén, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1970, alikuwa profesa pale. Yale nitakayosema kuhusu mkataba na usimamizi yanatokana na kanuni za serikali ya Uswidi juu ya elimu ya juu, kwa hiyo yanavihusu pia vyuo vya Lund, Linköping na Luleå, na hata Chalmers cha Gothenburg, ambacho tangu mwaka 1994 kinamilikiwa na wakfu, kina utaratibu unaokaribiana sana na huo.

Jambo kubwa ninalotaka lieleweke ni kwamba mwanafunzi wa uzamivu KTH, kwa kawaida, ni mwajiriwa wa chuo. Nafasi yake hutangazwa kama inavyotangazwa nafasi ya kazi, ikiwa na tarehe ya mwisho ya kupokea maombi, orodha ya sifa na jina la mtu wa kuulizwa. Akichaguliwa, husaini mkataba, hulipwa mshahara kila mwezi, hukatwa kodi, huwekewa akiba ya pensheni, hupata likizo ya mwaka yenye malipo, na akiugua au akipata mtoto sheria za kazi humlinda kama zinavyomlinda mfanyakazi mwingine yeyote. Mshahara ghafi kwa miaka hii umekuwa zaidi ya kroner 30,000 kwa mwezi, nao hupanda kadiri mtafiti anavyosonga mbele katika masomo yake. Ada hakuna. Mkumbuke kwamba tangu mwaka 2011 Uswidi inawatoza ada wanafunzi wa shahada ya kwanza na ya uzamili wanaotoka nje ya Ulaya, na ada hizo si ndogo. Ngazi ya uzamivu haikuguswa. Ndiyo maana huwa nashangaa kuona kijana anahangaika miaka mitatu akitafuta mfadhili wa shahada ya pili Ulaya, wakati angeweza kuimaliza shahada hiyo hapa hapa nyumbani kwa ubora, kisha akaomba kazi ya utafiti kule bila kudaiwa hata senti.

Wazee wetu walikwenda kwa njia nyingine, na ni haki tuitaje. Mwaka 1975 Uswidi iliunda shirika la SAREC kwa ajili ya ushirikiano wa utafiti na nchi zinazoendelea, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 Tanzania ikawa mojawapo ya washirika wake. Baadaye kazi hiyo ikaingia chini ya Sida, shirika la serikali ya Uswidi la misaada ya maendeleo. Utaratibu wao ulikuwa wa kwenda na kurudi: mhadhiri alibaki na ajira yake hapa, akakusanya sampuli na takwimu hapa, akaenda Uswidi kwa miezi kadhaa kutumia maabara na kukaa na msimamizi wake, kisha akarejea darasani. Mimi nauheshimu mno mpango ule, kwa sababu uliwajenga watu bila kuwang'oa. Makerere na Chuo Kikuu cha Rwanda nao walifaidika nao. Lakini dirisha hilo limekuwa likifinywa. Mwaka 2023 serikali ya Uswidi ilisitisha fedha ilizokuwa ikizipitisha katika Baraza la Utafiti la nchi hiyo kwa ajili ya utafiti wa maendeleo. Anayesubiri mpango wa namna ile umfikie mezani kwake anaweza kusubiri sana. Mlango uliobaki wazi mwaka mzima ni ule wa ushindani, ambao kijana wa Mwanza anaupitia sawasawa na kijana wa Milano au wa Tehran.

Muda wa masomo yenyewe ni miaka minne ya kazi ya muda wote, inayohesabiwa kuwa alama 240 za masomo. Hata hivyo mtafiti anaweza kupangiwa kazi za idara, hasa kufundisha na kusimamia mazoezi ya maabara, kwa kiwango kisichozidi asilimia 20 ya muda wake, na muda huo huongezwa juu ya ile miaka minne. Kwa hiyo wengi humaliza katika mwaka wa tano. Mkataba wa kwanza hauruhusiwi kuzidi mwaka mmoja, kisha huongezwa kwa vipindi visivyozidi miaka miwili kila kimoja. Nalisisitiza hili kwa sababu nimewaona watu wakiusoma ule mkataba wa mwaka mmoja wakadhani wametegwa, wakaacha nafasi nzuri. Hakuna mtego, ndivyo kanuni inavyotaka kwa kila mtu, Mswidi na mgeni. Katikati ya safari, ukiwa na alama 120, unaweza kutunukiwa shahada ya lisensiati, ambayo kwa mhandisi ina uzito wake viwandani, na kwa anayelazimika kukatiza masomo ni heshima anayorudi nayo mkononi.

Sasa, ikiwa nafasi hii ni ajira, basi anayeitoa ni mwajiri, naye ana kazi mahususi anayotaka ifanyike. Profesa ameandika andiko la mradi, ameshindania fedha, amezipata, na amemwahidi mtoa fedha kwamba ndani ya miaka minne swali fulani litajibiwa. Hatafuti mtu mwenye hamu ya kusoma Ulaya. Watu hao ni wengi kuliko mchanga wa Kigamboni. Anatafuta mtu atakayelishika swali lile kesho asubuhi. Kwa sababu hiyo, barua pepe ile ambayo vijana wetu huituma kwa maprofesa hamsini kwa mkupuo, inayoanza na salamu ndefu na kuishia na ombi la ufadhili, hufutwa kabla ya kusomwa, na wala profesa huyo hana roho mbaya.

Naomba tulisome tangazo la KTH kwa utulivu, kama mwanasheria anavyosoma hati. Sehemu ya kwanza inaeleza mradi. Ya pili inataja sifa za kuingia, nazo ni shahada ya ngazi ya uzamili, au alama zisizopungua 240 ambazo kati yake angalau 60 ni za ngazi ya juu. Hapa mhandisi wetu mwenye shahada ya kwanza ya miaka minne hujidanganya: alama 240 anaweza kuwa nazo, lakini zile 60 za ngazi ya juu hana, kwa hiyo amalize kwanza uzamili. Sehemu ya tatu inaeleza vigezo vya uteuzi, na humo hutajwa uwezo wa kufanya kazi kwa kujitegemea, wa kushirikiana na wenzako, na wa kuchambua masuala tata. Maneno hayo yanaonekana ya kawaida, lakini ndiyo watakayoyatumia kukupima, na kila moja linahitaji ushahidi katika maombi yako. Mwisho huorodheshwa nyaraka: wasifu, barua isiyozidi kurasa mbili, nakala za vyeti na matokeo, na mfano wa kazi yako ya kitaalamu, kama vile makala au ripoti ya kiufundi. Vyeti vyetu vimeandikwa kwa Kiingereza, hivyo havina shida. Ndugu zetu wa Bujumbura na Lubumbashi, ambao vyeti vyao ni vya Kifaransa, watahitaji tafsiri iliyothibitishwa, nao waishughulikie mapema kwa sababu saa sita kasoro dakika moja usiku ya siku ya mwisho, kwa saa za Stockholm, mfumo unafungwa na hakuna wa kumpigia simu.

Barua ya kurasa mbili ndiyo mahali pa kushinda au kushindwa. Mwombaji mmoja ataandika kwamba yeye ni mchapakazi, anajituma, na tangu utotoni amekuwa na ndoto ya kusoma katika chuo mashuhuri. Mwingine ataandika kwamba katika tasnifu yake ya uzamili alipima floridi katika visima vya Arumeru kwa kutumia elektrodi teule ya ioni, akaona viwango vya kiangazi vikipishana na vya masika kuliko alivyotarajia, akashindwa kueleza sababu kwa vipimo alivyokuwa navyo, na kwamba mbinu za kemia ya maji zilizotajwa katika tangazo ndizo anazoziona zingemfikisha kwenye jibu. Huyu wa pili hakujisifu hata mara moja. Ameonyesha kazi aliyofanya kwa mikono yake, mahali ilipogota, na kwa nini mradi huu ndio mwendelezo wake.

Sikuutaja mfano wa floridi kwa bahati. Miamba ya volkano inayouzunguka Mlima Meru huachia floridi katika maji ya chini ya ardhi, na katika vijiji vingi vya Arusha viwango huzidi miligramu 1.5 kwa lita, kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Matokeo yake mnayaona kwenye meno ya watu, na kwa waliozidiwa, kwenye mifupa. Kituo cha Ngurdoto kimekuwa kikichuja floridi kwa makaa ya mifupa ya ng'ombe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa KTH wamefanya kazi pamoja juu ya floridi na arseniki katika maji yetu, na waliokwenda wakiwa na takwimu zao za kisima hawakuonekana wanyonge mbele ya yeyote.

Mtasema, basi miradi mingi ya kule ni ya kwao, inatuhusu nini? Nawaombeni mfuatilie jambo moja la umeme. Uno Lamm alikuwa mhandisi wa kampuni ya ASEA, na alitumia miaka mingi akijaribu kutengeneza vali ya mvuke wa zebaki itakayoweza kugeuza umeme wa mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu, ule tunaouita DC, katika volti za juu. Mwaka 1943, akiwa bado mtu wa kiwandani, alipata uzamivu wake KTH. Tatizo lilikuwa la kisiwa: Gotland kilihitaji umeme kutoka bara, na nyaya za mkondo geu zikilazwa baharini kwa umbali mrefu hutumia sehemu kubwa ya uwezo wake kujichaji na kujimwaga zenyewe, hata kinachofika upande wa pili kikawa kidogo mno. Mkondo mnyoofu hauna tabia hiyo. Mwaka 1954 njia ya Gotland ilianza kazi, megawati 20 kwa kilovolti 100, ikapita chini ya bahari karibu kilomita mia moja, na ikawa ya kwanza duniani ya kibiashara ya aina hiyo. Leo vali za zebaki zimeachia nafasi thairista, yaani swichi za kielektroniki, lakini wazo ni lile lile, na kutoka Wolayita Sodo nchini Ethiopia hadi Suswa nchini Kenya kuna njia ya mkondo mnyoofu ya kilovolti 500, ndefu zaidi ya kilomita elfu moja, iliyojengwa kwa uwezo wa megawati 2,000. Tangu mwaka 2022 Kenya inanunua umeme kupitia njia hiyo. Swali la kisiwa kimoja cha Baltiki limefika Bonde la Ufa, na anayetafiti leo jinsi ya kuzilinda gridi za namna hiyo zisianguke hafanyi utafiti wa Waswidi peke yao.

Ndivyo ilivyo pia kwa chuma. Kwenye mradi wa HYBRIT, kampuni za SSAB, LKAB na Vattenfall zilifungua mwaka 2020 kiwanda cha majaribio mjini Luleå, ambako haidrojeni huondoa oksijeni kwenye madini ya chuma badala ya makaa, na kinachotoka ni mvuke wa maji badala ya kaboni dioksaidi. Nyuma ya teknolojia hiyo yako maswali mengi ya uzamivu juu ya metali, joto na mwendo wa gesi. Sisi tuna Liganga, kule Ludewa, chuma kilichochanganyika na titani na vanadi, ambacho kwa muda mrefu kimetajwa kuwa kigumu kuyeyushwa kwa njia za kawaida. Kwenye akili unde na mifumo inayojiendesha, mpango wa WASP uliozinduliwa mwaka 2015 kwa fedha za wakfu wa familia ya Wallenberg umekuwa ukiajiri watafiti wa uzamivu katika vyuo kadhaa, KTH kikiwemo. Fani hii ina waombaji wengi kupita kiasi, na kwa maoni yangu kijana mwenye hisabati nzuri ana nafasi bora zaidi akitazama nishati, vifaa au maji.

Kabla ya kuomba, ingieni katika hazina ya DiVA, ambamo tasnifu za KTH huwekwa na kusomwa bure. Tafuteni tasnifu za watu waliosimamiwa na profesa huyo huyo. Nyingi zina utangulizi mrefu unaoeleza fani kwa lugha nyepesi, ukifuatwa na makala kadhaa zilizochapishwa, na katika utangulizi huo mtaona maswali yaliyoachwa wazi. Someni hata ukurasa wa shukrani. Mtu aliyekaa na msimamizi miaka mitano, namna anavyomshukuru hueleza mengi.

Mtakapofika, mtakuta haki ambazo nyingine hazijazoeleka kwetu. Kila mtafiti ana wasimamizi wasiopungua wawili, na ana mpango wa masomo ulioandikwa, unaosainiwa na kupitiwa upya mara kwa mara, unaoeleza yeye atafanya nini na chuo kitampa nini. Akitaka kubadilishiwa msimamizi, kanuni inasema abadilishiwe; haombi msamaha. Kwa desturi yetu ya kumheshimu mwalimu, najua jambo hilo linatia aibu hata kulifikiria, lakini lipo kwenye sheria kwa sababu nao walijifunza kwamba mahusiano huharibika. Na msimamizi wako utamwita kwa jina lake la kwanza, hata akiwa na umri wa babu yako. Mtazoea.

Mwisho wa yote ni utetezi wa hadhara. Wiki kadhaa kabla ya siku hiyo, kwa kawaida tatu, tasnifu hutangazwa rasmi, na bado kuna idara ambako mtafiti hutoboa tundu kwenye kitabu chake, akachukua nyundo na kukipigilia msumari ukutani au kwenye ubao mbele ya wenzake, ili yeyote apitaye akisome na aje kuuliza. Siku ya utetezi, mpinzani aliyealikwa kutoka chuo kingine huichambua kazi kwa saa kadhaa, kamati ya watu watatu au watano hujifungia na kuamua, na uamuzi ni kufaulu au kutofaulu, bila madaraja. Hata wazazi wanaruhusiwa kukaa ukumbini.

Shida zipo. Nyumba mjini Stockholm ni za kugombania, foleni za kupanga huhesabiwa kwa miaka, na mgeni hulazimika kukodi chumba kwa mtu mwingine kwa bei inayouma. Desemba jua huzama kabla ya saa tisa alasiri. Mwenye familia afahamu kwamba mwenzi na watoto wanaweza kuombewa vibali vya ukaazi pamoja naye, lakini aoneshe kwamba kipato chake kinatosha kuwatunza, na mshahara mmoja ukigawanywa kwa watu wanne ndani ya Stockholm haubaki na sura ile ile. Nawashauri mpige hesabu hiyo kwa kroner, msiigeuze kuwa shilingi, kwa sababu ukiigeuza utajiona tajiri siku ya kusaini na maskini siku ya kulipa kodi ya nyumba.

Kwa wahadhiri wasaidizi kuna jambo la ziada. Mtakuwa na waajiri wawili, wa hapa aliyewapa ruhusa ya masomo na wa kule anayewalipa mshahara. Andikeni mapema, kabla ya kusaini chochote, mkiueleza utumishi wa chuo kwamba masomo haya yana mkataba wa kazi na yanaweza kufika miaka mitano, ili barua ya ruhusa iseme hivyo hivyo. Ruhusa ya miaka mitatu inayohitaji kuongezwa mara mbili huwasumbua watu kuliko majira ya baridi.

Nawageukia sasa ninyi walimu wangu. Katika hatua ya mwisho, baada ya usaili, msimamizi mtarajiwa huwasiliana na watu waliotajwa kama wadhamini wa kitaaluma, na swali lake huwa la moja kwa moja: huyu kijana, akipewa tatizo ambalo hata wewe hujui jibu lake, hufanya nini? Barua pepe hiyo ikikaa wiki mbili bila kujibiwa, nafasi huenda kwa aliyejibiwa, na barua yenye sifa za jumla, isiyotaja hata kazi moja aliyoifanya mwanafunzi, hufanya madhara yale yale. Naomba anayeombwa udhamini aletewe tangazo lenyewe, barua ya mwombaji na tarehe ya mwisho, na kama hana muda au hamkumbuki vizuri mwanafunzi, amwambie siku hiyo hiyo ili akatafute mwingine.

Mheshimiwa Rasi, naomba niishie hapo ili tupate muda wa maswali.